Kiswahili cha Wataalamu wa Hifadhi

Mwezi wa Septemba 1961, Tanganyika ikiwa imebakiza miezi mitatu kupata Uhuru, lilitolewa mjini Arusha tamko la Mwalimu Julius Nyerere juu ya wanyama wa porini. (Tamko hilo lisichanganywe na Azimio la 1967, ingawa mji ni ule ule.) Lilisema ya kwamba kazi ya kuwatunza wanyama na makazi yao yahitaji ujuzi maalumu, watu waliofunzwa, na fedha, na likayatazamia mataifa mengine yasaidie. Juu ya lugha halikusema neno. Miaka miwili baadaye, 1963, kilifunguliwa Chuo cha Mweka kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kwa kuwa wanafunzi wake walitoka katika nchi nyingi za Afrika, Kiingereza kilishika kiti bila ya kushindania.

Leo afisa wa wanyamapori, yule ambaye wazee walimwita bwana nyama, aweza kusoma mpaka uzamili na uzamivu bila ya kuvuka bahari. Yapo mafunzo hayo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, na katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha. Elimu hiyo huitwa sayansi tumizi, maana yake ni elimu isiyotosheka na kujua tu. Hutaka ujuzi wake ufanye kazi mahali fulani, juu ya viumbe fulani, kati ya watu fulani. Basi ni haki kuipima kwa kipimo ilichojichagulia yenyewe. Na watu hao fulani, kutoka Mafia hadi Katavi, husemeshwa kwa Kiswahili.

Tasnifu ya mwanafunzi wa fani hii, hata hivyo, huandikwa kwa Kiingereza kutoka jalada mpaka ukurasa wa mwisho. Kiswahili kimepewa vyumba viwili tu katika nyumba hiyo: dodoso lililobandikwa nyuma pamoja na viambatisho, na safu moja ya jedwali yenye majina ya kienyeji. Uhakiki huu wahusu vyumba hivyo viwili, kwa sababu wakaguzi wa tasnifu huvipita bila ya kubisha hodi.

Dodoso ndilo lenye hatari zaidi. Swali hutungwa kwa Kiingereza, hufasiriwa usiku wa kuamkia safari, huulizwa kwa Kiswahili, hujibiwa kwa Kiswahili (pengine kwa Kimaasai au Kisukuma, kwa kinywa cha mkalimani), jibu huandikwa kwa Kiingereza, na mwishowe huhesabiwa. Hesabu hukaguliwa kwa ukali. Huulizwa idadi ya waliohojiwa, namna walivyochaguliwa, na kanuni ya takwimu iliyotumika. Lakini neno lenyewe lililotamkwa mbele ya mwenye shamba, ambalo juu yake hesabu yote imesimama, halina mkaguzi.

Chukua neno ambalo ni mama wa taaluma hii yote: hifadhi. Kitenzi chake kimetoka katika Kiarabu, na Waswahili wamekitumia kwa karne nyingi katika maana za heri: Mungu humhifadhi mja wake, mwanafunzi huihifadhi Kurani moyoni, mwenye nyumba humhifadhi mgeni aliyekuchwa njiani. Kisha neno likaingia ofisini na kupata watoto wengi. Kuna Hifadhi ya Taifa, ambamo watu hawaruhusiwi kukaa. Kuna Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo tangu 1959 iliundwa kwa matumizi ya pamoja ya wafugaji na wanyama. Kuna Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, ambazo ardhi yake ni ya vijiji. Tena iko hifadhi ya barabara, na huyu ni ndugu wa jina asiyesahaulika, maana kila mtu amekwisha kuona nyumba iliyoandikwa alama nyekundu ya X kwa kuwa imo ndani ya hifadhi ya barabara.

Sasa mwanafunzi amefika kijijini na kuuliza, “Je, unaunga mkono hifadhi?” Mwulizaji ana wazo moja akilini: kuwatunza viumbe ili wasitoweke. Mwulizwaji ana mawazo manne au matano, na la karibu zaidi ni lile la mipaka, vigingi na kuhama. Akijibu “La,” hakusema kwamba tembo wafe. Amesema kwamba shamba lake libaki. Lakini katika jedwali jibu lake litaingia mahali pa watu wenye mtazamo hasi juu ya utunzaji wa viumbe, na sura ya mwisho ya tasnifu itapendekeza, kama ilivyo ada, kwamba elimu itolewe kwa wananchi. Mtu amejibu kwa akili timamu swali aliloulizwa, naye ameandikwa kuwa mjinga wa swali ambalo hakuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili limekwisha kutengenezwa, kwa kuwa wataalamu hutofautisha hifadhi, yaani mahali, na uhifadhi, yaani kazi. Ni kweli, na kwa kanuni za uundaji wa maneno tofauti hiyo ni safi. Kiambishi u- hufanya nomino dhahania bila taabu. Ila tofauti iliyo safi kwenye karatasi yaweza kuwa si kitu masikioni. Mtu asiyesoma semina haishiki, na katika maneno ya haraka irabu moja mwanzoni mwa neno haitoshi kubeba mzigo wa kutenganisha sera na kigingi. Dawa ni kuacha neno kubwa na kuuliza mambo yenyewe: Wafaa tembo wapite hapa? Wakipita na kula mahindi, nani alipe? Msitu huu ukatwe au usikatwe, na nani aamue? Kutunza, kulinda, kuchunga, kuweka akiba, yote ni maneno ya watu, na kila moja lina mpaka wake. Aliyebuni jina la Pori la Akiba aliijua lugha. Akiba ni kitu kilichowekwa kwa matumizi ya kesho, na katika mapori hayo uwindaji wa kibali huruhusiwa. Jina na sheria havigombani.

Dosari ya pili ni ya adabu zaidi kuliko ya msamiati. Dodoso nyingi hutumia ngazi ya majibu matano: nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Ngazi hii imetoka kwa watu ambao kwao mgeni asiyejulikana aweza kuambiwa “sikubali kabisa” na siku ikaendelea. Fikiri mambo yalivyo hapa. Kijana ameingia uani, ameamkia shikamoo, amejibiwa marahaba, amepewa kigoda, pengine na maji ya kunywa. Mzee aliyempokea amwambieje mgeni wake kwamba hakubali kabisa? Atasema, “Ndiyo, mwanangu,” kisha ataanza kisa cha mwaka ule nyati walipovuka mto. Kisa hicho ndicho jibu. Lakini karatasi haina nafasi ya kisa. Ina vijisanduku vitano, na mwulizaji atatia alama katika kile cha pili. Hivyo dodoso moja laweza kukosea pande zote mbili kwa siku moja: kwa neno hifadhi likazidisha upinzani, na kwa ngazi ya majibu likazidisha ukubalifu, na makosa mawili ya namna hiyo hayafutani, kwa vile hayakuangukia maswali yale yale.

Neno kaya nalo halina budi kutajwa. Watu wa takwimu wamelichagua kuwa jina la jamaa walao chungu kimoja, na “mkuu wa kaya” hutokea katika ukurasa wa kwanza wa karibu kila dodoso. Kwa Bara hakuna ubaya. Lakini kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni maskani ya kale ya wahenga yaliyozungukwa na msitu mtakatifu. Misitu hiyo iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia, na watafiti wa mimea huifuata kwa sababu miti iliyokwisha kwingine ingali humo. Mtafiti atakayechukua dodoso la Morogoro na kulipeleka Kilifi bila ya kulisoma upya atamwuliza mama mwenye nyumba kama yeye ndiye mkuu wa msitu wa wazee.

Na ujangili je? Kwa Kiingereza mwanafunzi hufunzwa kumtenganisha muuaji wa ndovu kwa biashara ya pembe na yule amtegaye digidigi kwa kitoweo, kwa kuwa sababu zao ni mbali na dawa zao ni mbali. Akirudi kwenye Kiswahili wote wawili huwaita majangili, neno lenye harufu ya uhalifu mtupu. Atauliza, “Je, kijijini hapa kuna ujangili?” na atajibiwa hakuna. Lugha haikupungukiwa. Ina mwindaji, ina msasi, ina mtegaji. Na kitoweo ni neno ambalo halimtukani mtu.

Kuhusu istilahi zenyewe, hukumu isiwe kali mno, maana hapa lawama ni ya watu wa lugha pia. Bioanuwai ni neno lililounganishwa kutoka nyumba mbili: kichwa chake ni cha Kiyunani, na mwili wake ni wingi wa Kiarabu wenye maana ya aina nyingi. Mpangilio wake si wa Kibantu, ambamo jina hutangulia na kisifa hufuata. Ni wa Kizungu. Huandikwa bioanuwai, bioanuai, na hata bayoanuwai kwa wafuatao matamshi ya Kiingereza. Yote hayo yangesameheka kama neno lingefanya kazi. Lakini kwa mvuvi wa Kilwa bioanuwai ni geni sawasawa na lile la Kiingereza, na mtaalamu alitamkapo hudhani amesema Kiswahili, kumbe ametamka tu. Aina za viumbe, au wingi wa aina za viumbe, ni kirefu, lakini hueleweka. Kufupisha ni haja ya mwandishi wa vitabu.

Ushoroba ni kinyume chake. Ni neno lililokwisha kuwako, lenye kutaja njia nyembamba, likachukuliwa kuwa jina la ukanda wapitao wanyama kutoka pori moja kwenda jingine. Wingi wake ni shoroba, kwa kufuata ngeli bila ya kulazimishwa, na picha yake huonekana mara moja. Si kila mtu alijua zamani, ila aliyelisikia mara moja halimpotei. Maliasili, kwa upande mwingine, ni neno jepesi lililobeba swali zito. Pasemwapo mali, sikio la Mswahili humtafuta mwenyewe. Ni mali ya nani? Kiingereza, kwa neno lake la kitu cha kutumiwa, hakiulizi hivyo. Kiswahili huuliza kila neno litamkwapo, na mtaalamu asiyelijua hilo atashangaa kwa nini kila mkutano juu ya maliasili huishia kwenye ugomvi wa umiliki.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Walakini kamusi hulala rafuni mpaka pawepo mtu wa kuandika kwa maneno yake, na vitabu vya uzamili havikuandikwa. Istilahi zisizoandikiwa vitabu hufanana na sare za askari ambao hawajaandikishwa.

Chumba cha pili ni safu ya majina ya kienyeji. Katika jedwali huja jina la Kilatini kwanza, la Kiingereza baadaye, na la kienyeji mwisho, mara nyingi likiwa limekosewa tahajia, bila ya kusemwa ni la lugha ipi, kana kwamba “kienyeji” ni kabila. Msomaji aweza kudhani safu hiyo ni pambo. Historia ya sayansi yenyewe yamkanusha. Kila aandikaye juu ya mapori ya kusini na kati ya Afrika husema miombo, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani pia, na wachache hukumbuka kuwa hilo ni jina la wingi, ambalo umoja wake, myombo, ni mti mmoja. Mbuga vilevile: zamani lilikuwa bonde tambarare la udongo mweusi unaojaa maji wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na kwa maana hiyo wataalamu wa udongo wa Tanganyika walilichukua na kulitumia katika Kiingereza chao. Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani katika Usambara, alipoeleza mwaka 1935 jinsi udongo unavyobadilika kwa mfuatano kutoka kilimani mpaka bondeni, mbuga ilikuwa ndiyo mwisho wa mfuatano huo. Kwa ajabu, Kiswahili chenyewe kimeipoteza maana hiyo kwa wengi, na sasa mbuga ni mahali pa watalii. Mwanafunzi wa leo hulikuta neno la mababu zake katika kitabu cha Kiingereza, likiwa zima, na huko nyumbani limechakaa.

Mfano ulio mkubwa kupita yote ni wa kipunji. Mwanzoni mwa 2003 watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa katika nchi ya Rungwe walisikia habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Hadithi za huko zilichanganya wanyama na mizimu, na kwa hiyo haikuwa rahisi kujua kama kipunji ni wa upande gani. Mwezi wa Mei mwaka huo huo alionekana mlimani Rungwe. Mwaka 2004 watafiti wengine, wasiojua habari za hao wa kwanza, walimwona katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu kuwa ni aina isiyopata kuandikwa, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Jina lake la pili katika Kilatini likabaki kipunji.

Ni vema kutazama kwa makini ni nini kilichotokea hapo. Mnyama “asiyejulikana” alikuwa na jina. Wenye jina walikuwa wakilitamka mbele ya kila aliyewauliza kwa lugha waliyoielewa, na kilichokosekana kwa muda mrefu ni mwulizaji mwenye subira ya kusikiliza jina asilolijua bila ya kulitia katika safu ya ngano. Hilo ni somo la lugha, na ni vigumu kulipata katika mitaala ya fani hii, ambamo takwimu na ramani za setilaiti zimechukua saa zote. Wala si mambo ya misitu peke yake. Pwani, kasa ni jina la jumla na tena ni jina la aina moja, na mwenye gamba la thamani huitwa ng'amba. Mtafiti auulizaye “Je, umeona kasa mwaka huu?” huweza kujibiwa la na mvuvi aliyeona ng'amba wawili jana, wala mvuvi huyo si mwongo.

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hoja ndefu za sayansi hii. Jaribio dogo latosha. Katika korongo la mto Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, palikuwa na chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye hakuonekana popote pengine duniani. Aligunduliwa mwaka 1996. Hatagi mayai wala hana viluwiluwi. Huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko peke yake, katika eneo la hekta chache tu. Maji yalipogeuzwa ili kuzalisha umeme manyunyu yakapungua, ikabidi mabomba yawekwe ya kuyaiga. Novemba 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani ili mbegu yao isipotee. Mwaka 2003 kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura ilionekana korongoni na vyura wakaanguka kwa wingi; mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wamekwisha. Waliozaliwa ughaibuni wakaanza kurudishwa mwaka 2012.

Maelezo hayo yana chanzo, matokeo, ugonjwa, na dawa, na hayakuhitaji neno ambalo kijana wa darasa la saba hataelewa. Wananchi wengi waliifahamu habari hii kwa upande wa mzaha tu, vyura kusafirishwa kwa ndege, huku makala za kueleza kwa nini zikiwa katika majarida ya Kiingereza. Mzaha hukua mahali ambapo hapakuandikwa kitu.

Hapana budi kukiri kwamba Kiingereza hakitaondoka, wala si lazima kiondoke. Mtafiti wa vyura wa Kihansi sharti asomwe na mtafiti wa vyura wa Panama, na majina ya Kilatini ni ya wote. Tena watu wa lugha wasijivune: istilahi nyingi zimeundwa mezani na watu wasiopata kulala msituni hata usiku mmoja, na hilo laonekana. Hoja ni kwamba sehemu ya tasnifu ambayo imekwisha kuwa ya Kiswahili, kwa kulazimika, ichukuliwe kuwa sehemu ya tasnifu. Haja hii imezidi tangu 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania; maana ya hifadhi, ambayo jana ilikuwa matata ya dodoso, kesho yaweza kuwa kesi mbele ya hakimu.

Waganga wa hospitali wamekwisha kuzoea njia ifaayo: dodoso lililofasiriwa hupewa mtu wa pili, asiyeliona la asili, alirudishe katika Kiingereza, kisha maandishi mawili ya Kiingereza hulinganishwa mstari kwa mstari. Wakaguzi wa uzamili katika fani ya hifadhi waweza kudai vivyo hivyo, na kumtaka mwanafunzi aeleze kila mahali ambapo maneno yalikataa kulingana. Kazi hiyo yataka siku mbili na mtu mmoja asiyeijua tasnifu. Jedwali la kwanza litakalobadilika ni lile la mitazamo ya wanakijiji.